UZI: Napika uji wa nzi Uingereza. Njooni niwaambie mirija ya ndani ya neva inahusianaje na miguu inayokakamaa

Mpishi wa Nzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Miaka minne nasoma humu kimyakimya, leo nimeamua kufungua mdomo kwa sababu ya shangazi yangu. Juzi alinipigia simu akaniuliza, "Hivi mwanangu, huko Uingereza unafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia napika uji wa nzi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi rudi nyumbani, uji hata huku upo."

Sikuwa namtania. Mimi ni fundi wa maabara kwenye chuo kimoja huku, maabara ya watu wanaochunguza neva za nzi. Asubuhi nakoroga unga wa mahindi, sukari, hamira na agari kwenye sufuria ambalo mtoto wa miaka mitano anaingia mzima. Namimina kwenye vichupa, ukiganda ndiyo chakula chao na ndiyo nyumba yao, juu naziba kwa pamba. Chumba kinawekwa nyuzijoto 25, na baada ya siku kumi hivi yai limekuwa buu, limekuwa bundo, limekuwa nzi anayetafuta mchumba. Mchana nawalaza kwa hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwatenga kwa brashi ya rangi chini ya hadubini, dume huku, jike huku. Majike lazima niwawahi ndani ya saa chache tangu watoke kwenye bundo, kabla hawajapandwa, la sivyo hesabu nzima ya uzao inaharibika. Nimeshakosa harusi ya rafiki kwa sababu ya majike hao.

Sasa kinachonifanya nilete uzi. Shuleni tulichora seli. Mnakumbuka? Duara, katikati kiini, mitokondria mbili tatu kama maharage (ndiyo mitambo ya nishati ya seli), na pembeni ule mchoro wa mistari iliyokunjwakunjwa ulioandikwa "retikulamu ya endoplazimu". Mwalimu akasema kazi zake ni hizi na hizi, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwa nini harage liwe na umbo la harage, wala kwa nini ile mistari iwe imekunjwa vile na si vingine. Nilidhani ni urembo wa mchoraji.

Si urembo. Hapa maabara kuna nzi ambao protini zao nyingi ni nzima, chakula wanakula kile kile cha wenzao, kilichobadilika ni umbo tu la vitu vilivyo ndani ya seli. Na neva zao hazifanyi kazi sawasawa. Kuna watu pia wa namna hiyo, nitafika huko.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kuosha sufuria.

---

Kiporo cha Jana

Nimevuta kiti. Shangazi apewe maua yake.

---

Mtoto wa Muheza

Mkuu mleta uzi, mimi mkulima wa maembe na machungwa. Hao nzi wa matunda tunawajua vizuri sana huku, wanataga ndani ya embe, ukilipasua unakuta funza. Tangu 2003 waingie hawa wapya kutoka Asia tumepoteza sana. Ukisema mnawapikia uji nashangaa. Sisi tunawategea mitego, ninyi mnawalea!

---

Mpishi wa Nzi

Mkulima wangu, hapo Kiswahili kimetuchanganya kidogo. Wako ni nzi mkubwa, wa ukoo mwingine kabisa, anatoboa embe zima lililoko mtini. Wangu ni kale kadogo ka milimita mbili au tatu, macho mekundu, unakokakuta kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi au juu ya glasi ya mnazi. Kwa kisayansi anaitwa Drosophila melanogaster. Hatoboi tunda zima, anafuata hamira ya tunda lililokwisha kuanza kuchacha. Huyo hana ugomvi nawe.

Tena ni mtu wa kwetu. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za kuwakuta porini huko Matopos, Zimbabwe, wakilipenda kuliko yote tunda la mng'ongo, lile ambalo tembo hulifuata. Kutoka huko amewafuata binadamu na matunda yao hadi dunia nzima. Huku Uingereza anaishi kwa kiyoyozi na mimi ndiye mhudumu wake.

---

Nipe Faida

Samahani wakuu lakini mimi sielewi. Malaria ipo, kipindupindu kipo, watu wanakosa dawa za presha, halafu mtu mzima analipwa mshahara kutenga nzi dume na jike. Na hilo umbo la sijui retikulamu litanisaidia nini mimi niliyeko Tandika? Tuacheni kushabikia kila linalofanywa na Wazungu.

---

Mwalimu wa Kisumu

Ndugu Nipe Faida, swali lako ni zuri, hata wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huniuliza. Nikujibu nikiwa hapa Kenya kabla mpishi hajamaliza sufuria.

Kwamba jeni zimepangwa juu ya kromosomu, tulithibitishiwa na nzi huyu huyu. Thomas Hunt Morgan, New York, 1910, alikuta dume mmoja mwenye macho meupe badala ya mekundu, akamfuatilia uzao kwa uzao. Akapata Nobel 1933. Ile saa ya mwili inayokuamsha alfajiri hata bila simu, utaratibu wake ulifumbuliwa kwa nzi hao, Nobel ya 2017. Jeni zetu zinazojulikana kuleta magonjwa, takriban robo tatu zina ndugu yake ndani ya nzi. Na tofauti na panya, nzi ana jozi nne tu za kromosomu, na kwa mwaka mmoja unaona vizazi zaidi ya thelathini.

Na si Wazungu peke yao. Ishaka, magharibi mwa Uganda, wamekuwa wakiendesha warsha za kufundisha watafiti wa Kiafrika kutumia nzi hawa tangu 2013, chini ya mpango wa DrosAfrica. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: panya wa maabara ni gharama, nzi anataka unga wa mahindi na pamba.

Lakini acha nikupe kisa kimoja kinachohusu umbo, maana ndicho ninachokipenda darasani. Mbegu ya kiume ya nzi inapoumbwa, mitokondria zake zote huungana zikawa mbili tu, kubwa ajabu, halafu hizo mbili hujiviringisha pamoja. Ukikata kipande chembamba ukakitazama kwa hadubini ya elektroni, utasema ni kitunguu kilichokatwa, duara ndani ya duara. Walipatikana nzi madume wagumba ambao kitunguu chao kilikuwa hakieleweki, kama kimeota manyoya. Mitokondria zilishindwa kuungana, zikabaki vipande vingi vilivyorundikana. Watu wa nzi wana tabia ya kuita jeni kwa jina la kile kinachoharibika ikikosekana, basi hii wakaiita kwa Kiingereza chao "vitunguu vyenye manyoya". Ilikuwa 1997, na protini inayotokana nayo ndiyo ilikuwa ya kwanza kujulikana duniani inayounganisha mitokondria.

Binadamu tunazo ndugu zake wawili, mitofusini ya 1 na ya 2. Mwaka 2004 ikajulikana kwamba hitilafu kwenye mitofusini ya 2 huleta aina moja ya ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, mtu anaanza kudhoofika nyayo na miguu, baadaye viganja. Kutoka ugumba wa nzi hadi miguu ya binadamu ni miaka saba. Haya sasa, faida hiyo.

---

Kiporo cha Jana

Mwalimu ametembeza kiboko 😂 Lakini kweli jeni inaitwa kitunguu chenye manyoya? Hawa watu wanakunywa nini?

---

Mpishi wa Nzi

@Kiporo, hiyo ni ya heshima. Kuna nyingine nzi akiikosa machoni haoni, kwa sababu mitokondria zake zinabaki kwenye mwili wa seli ya jicho bila kusafiri hadi mwisho wa neva. Wakampa jina la mshairi kipofu wa Kiingereza wa zamani, Milton.

Mwalimu, asante, umenipunguzia kazi. Umesema upande wa kuungana, niongeze upande wa kugawanyika, maana mitokondria haikai kama harage la kwenye daftari. Muda wote zinaungana na kukatika. Kuna protini iitwayo Drp1, yenyewe inajizungusha kwenye mitokondria kama uzi unavyokaza mdomo wa kiroba, inaminya mpaka inakatika.

Mtu unaweza kudhani kukosa mkasi huo si neno, mitokondria zitakuwa ndefu tu, umeme ni ule ule. Mwaka 2005 kundi lililokuwa Houston, Marekani, liliwaangalia mabuu wenye Drp1 mbovu. Mitokondria zilikuwa zimeshikamana ndefu, na kitu kirefu kilichoshikamana hakipiti njia nyembamba ya aksoni, ule mkia mrefu wa seli ya neva, kwa hiyo kwenye ncha za neva, pale inapogusana na msuli, hazikuwapo kabisa au zilikuwa chache mno.

Sasa angalieni lililotokea. Ukiichokoza neva polepole, inajibu vizuri tu, huwezi kujua ina tatizo. Ukiiharakisha, ukaichokoza mfululizo kwa kasi, inaanza kuchoka. Ncha ya neva ina vifuko vya kemikali, vingine viko mbele tayari kumwagwa, vingine viko stoo. Vya mbele vikiisha, vya stoo vinatakiwa kusogezwa, na kusogeza kunataka nishati, na mtambo wa nishati haupo jirani. Watafiti walipoingiza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, moja kwa moja, hali ilirudi kwa sehemu. Yaani ni kama duka ambalo bidhaa imejaa stoo lakini mbeba mizigo hajala.

Umbo liliharibika, safari ikashindikana, na kazi ikalala pale tu ilipokuwa nzito. Ndiyo maana nasema hili jambo linajificha.

---

Bi Zaituni

Mwanangu Mpishi, mimi si mtu wa sayansi, nimefika hapa kwa sababu ya hilo neno la miguu kukakamaa kwenye kichwa cha uzi. Nina mdogo wangu wa kiume, sasa ana miaka arobaini na moja. Alianza kama mtu anayejikwaakwaa alipokuwa na thelathini hivi. Leo anatembea kwa fimbo, magoti hayakunjiki, miguu kama mbao, lakini mikono mizima, akili nzima, anaongea vizuri, hana ganzi. Wengine walisema kiharusi, wengine wakasema kuna mtu. Tumekwenda kote. Je, hao nzi wenu ndio ugonjwa huo?

---

Mwana wa Bukavu

Mama Zaituni, pole sana. Mimi ni muuguzi, niko Bukavu. Huku Congo tukiona miguu imekakamaa pande zote mbili, kitu cha kwanza tunauliza ni muhogo. Kuna ugonjwa tunauita konzo, jina limetoka kwa kabila la Wayaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Unakuja watu wakila muhogo mchungu ambao haukuloweka siku za kutosha, na chakula kingine hakuna, hasa samaki au nyama au maharage. Kivu Kusini tumeuona wakati wa vita. Na kwenu Tanzania uliwahi kutokea, Tarime, miaka ya 1980.

Lakini konzo inakuja ghafla. Mtu analala mzima, kesho au keshokutwa miguu imekataa. Kisha inabaki hapo ilipofika, haizidi kila mwaka. Wewe umesema mdogo wako amekuwa akizidi polepole miaka kumi. Hiyo si tabia ya konzo. Wengi wanaopata ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Jambo jingine la kuangalia: konzo nayo inaweza kukaa katika nyumba moja, kwa sababu wanakula sufuria moja, kwa hiyo usikimbilie kusema ni ya ukoo kwa kuona ndugu wawili tu.

---

Mpishi wa Nzi

Bi Zaituni, shikamoo. Pole kwa mdogo wako. Nianze na hili: mimi ni fundi wa maabara, si daktari, na hakuna mtu anayeweza kumpima ndugu yako kupitia uzi. Muuguzi wa Bukavu amekupa jambo la thamani, hasa hilo la ghafla dhidi ya polepole. Kuna pia virusi, upungufu wa vitamini, na mambo ya uti wa mgongo kubanwa, kama kifua kikuu cha mifupa, ambayo baadhi yanatibika. Hayo lazima yaondolewe kwanza na daktari wa mishipa ya fahamu.

Ila kuna kundi la magonjwa linalofanana sana na ulivyoeleza, na ndilo maabara yetu inalolifuatilia. Madaktari wa Ulaya waliyaeleza tangu miaka ya 1880. Tuyaite ukakamavu wa miguu wa kurithi. Hadi sasa vimejulikana vyanzo zaidi ya 80 tofauti kwenye vinasaba. Kinachoumia ni zile neva ndefu zinazotoka kwenye ubongo kushuka uti wa mgongo kwenda kuiamrisha miguu. Seli moja, aksoni moja, kwa mtu mzima inakaribia mita moja! Za mikono ni fupi, mara nyingi zinasalimika. Inaanza kufa ile ncha ya mbali, mwili wa seli ukiwa bado mzima huko juu.

Sasa nirudi kwenye ule mchoro wa shule. Retikulamu haikomei karibu na kiini. Ndani ya aksoni inaingia kama mirija myembamba sana, michache, inakwenda bila kukatika mpaka kwenye ncha. Ni mrija ndani ya mrija. Na jeni kadhaa zinazoleta huu ugonjwa, ukiziuliza kazi yake, jibu ni moja: kuipa retikulamu umbo lake. Kuna atlastini, inayounganisha mrija na mrija kwenye maungio. Kazi hiyo ya kuunganisha ilionyeshwa kwa nzi mwaka 2009. Kuna retikuloni na kuna zile ziitwazo REEP, hizi zinajichomeka kwenye utando kama kabari upande mmoja tu, utando unalazimika kujikunja, ndipo unapata mrija mwembamba badala ya shuka pana. Kabari zikipungua, mirija inapanuka au inapotea.

Cambridge, maabara ya Cahir O'Kane, walichukua nzi na kumpunguzia retikuloni. Hiyo ilikuwa 2012. Aksoni za karibu, sawa. Aksoni ndefu zinazokwenda mkiani mwa buu, kule mwisho retikulamu ilikuwa imepungua. Buu mzima ana milimita nne! Hata humo, ni mbali ndiko kunakoumia. Mwaka 2017 wakamwondolea retikuloni pamoja na REEP zake mbili: mirija ikawa michache na minene, na mahali pengine imekatika kabisa, pengo.

Naomba mnivumilie, sasa nafika ninapopapenda. Unamchukuaje buu vipimo? Unamlaza kifudifudi kwenye sahani, unambana kichwa na mkia kwa pini nyembamba kuliko sindano, unampasua kwa urefu na kumkunjua kama ng'onda, utumbo unatoa. Inabaki kuta za misuli na neva zake nyeupe zimetandazwa kama nyuzi za buibui. Neva unainyonya kwa kijirija cha kioo na kuipa umeme kidogo. Buu huyo amewekewa protini inayong'aa kijani kalsiamu ikipanda. Chumba giza, unabonyeza, na ncha za neva zinawaka. Mara ya kwanza niliitwa kuangalia, nikasahau uji jikoni ukaungua.

Kalsiamu ndiyo amri ya mwisho. Ikiingia kwenye ncha ya neva, vifuko vinamwaga kemikali na msuli unajikunja. Retikulamu ni ghala la kalsiamu. Kwa hiyo wote tungetegemea hivi: retikulamu imepungua, ghala limekuwa dogo, basi kalsiamu haitoshi. Rahisi.

Haikuwa hivyo. Kazi yao ya 2023 iliwaangalia nzi wasio na retikuloni pale pale kwenye ncha. Iliyopotea ni mirija myembamba. Yale mafuko mapana ya retikulamu yalikuwa karibu kama kawaida, maana yake ghala lenyewe halikupungua sana. Lakini neva ikichokozwa, kalsiamu ilishuka kote: kwenye maji ya seli, ndani ya retikulamu, na hata ndani ya mitokondria. Na ujumbe kwenda kwenye msuli ukapungua.

Kwa nini, kama tangi limejaa? Kwa sababu retikulamu inatakiwa kugusana na ukuta wa nje wa seli. Kuna protini iitwayo STIM, inakaa kwenye retikulamu, inapima kalsiamu, na inanyoosha mkono hadi kwenye ukuta ili mlango ufunguliwe na nyingine iingie. Mirija ilipopotea, mahali pa kugusana pakapungua. Mliokaa Dar mnaelewa hili bila hadubini: tangi liko uani limejaa hadi juu, ila bomba linaloingia jikoni limekatwa. Mtaoga na nini?

---

Kiporo cha Jana

Hapo kwenye tangi nimeelewa kuliko miaka minne ya bayolojia. Mwalimu usikasirike.

---

Mwalimu wa Kisumu

Sikasiriki, nimeshaiiba kwa ajili ya somo la Jumatatu. Ila mpishi, nikusahihishe kidogo kabla wanafunzi hawajanikamata: retikuloni iliyopungua kwa nzi ina ndugu kadhaa kwa binadamu, na inayoleta ugonjwa ni mmoja wao, RTN2. Si sawa kusema "nzi ana ugonjwa ule ule".

---

Mpishi wa Nzi

Sawa kabisa, mwalimu. Nzi hana hata uti wa mgongo, na ile neva tuliyoichokoza inagusa msuli moja kwa moja, wakati neva inayoumia kwa mgonjwa inaishia ndani ya uti na kumkabidhi mwenzake. Tunachojifunza kwa nzi ni jinsi mrija unavyofanya kazi ndani ya aksoni.

---

Nipe Faida

Nimesoma yote. Nakiri nilikurupuka. Lakini swali langu bado lipo, sasa naliuliza kwa adabu: dawa iko wapi? Tangu 2012 mnaangalia mirija. Huyu mama mdogo wake anatembea na fimbo.

---

Mpishi wa Nzi

Mkuu, hilo swali hata sisi tunaulizana wakati wa chai. Dawa ya kuzuia au kurudisha haipo. Kuna za kulegeza misuli, na kuna mazoezi ya viungo ambayo yanasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, kunyoosha kila siku ili magoti yasijifunge moja kwa moja.

Nikupe mfano wa jinsi nzi anavyoingia. Chanzo cha kawaida kuliko vyote katika kundi hili ni jeni ya spastini. Hiyo inakata mikrotubuli, zile reli za ndani ya seli ambazo mizigo inapita na mirija ya retikulamu inajishikiza. Mwaka 2005 watafiti wa Italia waliwapa nzi wenye spastini mbovu dawa iitwayo vinblastini, ambayo inavunja mikrotubuli, na nzi wakapata nafuu. Ukisoma kichwa cha habari unaweza kushangilia. Lakini vinblastini ni dawa ya saratani, ni kali, humpi mtu aitumie miaka thelathini ili atembee. Thamani yake ilikuwa kuonyesha kwamba tatizo linaweza kusukumwa kurudi nyuma, kwamba neva ilikuwa haijafa.

Ile habari ya tangi ina maana kama hiyo. Kama shida ingekuwa ghala tupu, mtu angetafuta namna ya kujaza ghala. Sasa wanajua waangalie bomba. Ni tofauti ya kujua ufungue koki ipi.

Bi Zaituni, nina maswali mawili, usiyajibu humu kama hupendi. La kwanza, je, kuna mwingine kwenye ukoo, upande wowote, aliyewahi kutembea hivyo, hata kama walisema ni uzee au ajali? Aina nyingi za ukakamavu huu zinarithiwa kwa mzazi mmoja tu, na mzazi anaweza kuwa nayo nyepesi mpaka asijijue. La pili, viatu vya mdogo wako vinalika wapi?

---

Bi Zaituni

Viatu? Sijaangalia. Ngoja nimuulize mkewe.

---

Mtoto wa Muheza

Wakati tunasubiri, mpishi, huo uji wa nzi unaweka kiasi gani cha hamira? Kuku wangu wanapenda funza, naona kuna biashara hapa.

---

Mpishi wa Nzi

😂 Mkuu, kwa kuku tafuta mabuu wa nzi chuma, wanene na wapo watu wanaofuga kibiashara huko huko. Hawa wangu kuku atakula elfu moja na bado ana njaa.

---

Bi Zaituni

Nimerudi, samahani ni siku ya tatu. Nimempigia mke wake, ameangalia. Viatu vyote vya mdogo wangu vimelika mbele, kwenye vidole, soli ya nyuma nzima kama mpya. Anasema hata ndala anazimaliza hivyo.

Halafu jana usiku nikampigia shangazi yetu wa Korogwe, ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba. Nikamuuliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyekuwa anatembea kwa shida. Akasema hakuna. Nikamuuliza viatu. Akacheka, akasema wewe umekumbuka viatu vya babu yako! Kumbe babu alikuwa na makubadhi, na kila mwaka alikuwa akiyapeleka kwa fundi kuwekewa kipande cha tairi mbele tu. Walikuwa wakimtania kwamba anatembea kama anayetafuta pesa iliyodondoka. Aliambiwa ni baridi yabisi. Na baba mdogo, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki akiwa na thelathini na tano, naye alikuwa ameanza kujikwaa, shangazi anasema walidhani ni pombe.

---

Mpishi wa Nzi

Shikamoo tena, Bi Zaituni. Ndiyo maana niliuliza viatu: miguu ikikakamaa, vidole huburuzwa chini. Chora hilo kwenye karatasi: babu, watoto wake wote, wajukuu wote, nani alijikwaa na alikuwa na umri gani, nani hakujikwaa, na nani alifariki mapema kabla haijajulikana. Mduara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Ukipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, iwe Muhimbili au kwingine, mpe karatasi hiyo kabla hujasema neno jingine lolote. Na viatu vichukue, jozi moja ya zamani.

---

Bi Zaituni

Makubadhi ya babu yapo. Shangazi anayo kwenye sanduku.